Bata Mzinga wa Ramadhani

Bi Kuruthum alikuwa haonji. Wapishi wengine huchota kijiko, wakapuliza, wakalamba, wakatia chumvi kidogo, wakalamba tena. Yeye alifunua sufuria, akainama, akavuta mvuke puani mara moja, akafunika. "Imekolea," angesema, na kweli ikawa imekolea. Hilo ndilo lililompa jina katika mitaa ya Dubai, kuanzia Rashidiya hadi Garhoud.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Kikwajuni. Mwishoni mwa miaka ya themanini, mumewe akiwa ameshafariki na mtoto hakujaaliwa, alikuja Dubai kumfuata kaka yake Zahor, aliyekuwa na nyumba Rashidiya tangu zamani na watoto wanaojibu kwa Kiarabu wakisemeshwa Kiswahili. Kukaa bure kwa wifi hakukumpendeza. Baada ya miaka michache akapata kazi ya upishi kwa Wamarekani wa Garhoud, madam Virginia na mumewe mhandisi. Asubuhi alikwenda, magharibi alirudi kwao, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kurudisha sahani yake jikoni.

Ramadhani ndipo sifa yake ilipopanda hasa. Wanawake wote wa Rashidiya walijua kwamba mpishi aliyefunga anayo ruhusa ya kugusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi, kisha akautema. Walifundishwa hivyo kwenye chuo cha Kurani tangu wadogo. Bi Kuruthum hakuitaka ruhusa hiyo. "Miye sihitaji," alisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha pili. Ukweli usemwe, alikuwa mcha Mungu, lakini hapo kulikuwa na kujiona pia, na kujiona kwenyewe hakukuwa kudogo.

Mwaka 2002 madam Virginia aliongeza msaidizi kupitia wakala wa wafanyakazi wa nyumbani, msichana wa Kibosho aitwaye Martina, Mkatoliki wa miaka ishirini na minne. Alikuwa amemwacha mwanawe wa miaka mitatu kwa bibi yake, na alikuja na hesabu moja tu kichwani: mkataba wa miaka miwili uishe salama, arudi akamlee mwenyewe. Alilala kwenye kijumba cha nyuma ya jiko. Kila asubuhi alipomfungulia Bi Kuruthum mlango alisema, "Shikamoo mama," akampokea mkoba, akamvutia kiti.

Bi Kuruthum alimpenda. Hilo halina ubishi. Alimletea sambusa za nyumbani zilizofungwa kwenye karatasi, na alimfundisha kukaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawa bila kuungua. Lakini Martina alikuwa msomi kidogo, alisoma Kiingereza cha makopo na paketi bila kigugumizi, na madam alianza kumwita yeye kila alipotaka kueleza chakula cha kwao. Bi Kuruthum akawa anasikia vicheko vyao sebuleni huku yeye anamenya viazi. Ikamuuma.

Basi Wamarekani wana sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi moja mwishoni mwa Novemba, na bila bata mzinga mzima mezani hiyo si sikukuu. Mwaka ule iliangukia katikati ya kumi la mwisho la Ramadhani. Tena mama yake madam Virginia, bibi wa miaka themanini, alikuwa amepanda ndege kutoka Amerika kwa mara ya kwanza maishani mwake ili ale sikukuu hiyo na mwanawe. Madam alitaka bata apikwe kama alivyopikwa utotoni mwake. Kwa wiki nzima hakuzungumza jambo jingine.

Jumatano mchana, Bi Kuruthum akiwa ndani anasali Adhuhuri, madam alimtumbukiza bata kwenye ndoo ya maji, akamimina chumvi ya kutosha, akamsukumiza kwenye friji. Martina alimshikia ndoo. Ndivyo wafanyavyo kwao, nyama inakunywa chumvi usiku kucha.

Alhamisi asubuhi Bi Kuruthum alifungua friji, akamwona bata ndani ya maji. Kwa mpishi wa Unguja, kuku aliye ndani ya maji ni kuku anayeoshwa. Akamwaga yale maji. Akachukua thomu, tangawizi, ndimu na chumvi, konzi baada ya konzi, akamsugua ndege yule nje na ndani, mpaka chini ya ngozi.

"Mama," Martina akasema, "madam alishamtia chumvi jana. Nilikuwepo."

"Alitia kwenye maji. Maji nishamwaga."

"Lakini alisema inaingia ndani ya nyama."

"Ntakwambia kitu mwanangu. Miye napika toka wewe hujazaliwa."

Bata akaingia oveni. Saa nane, nyumba nzima ikinukia, Bi Kuruthum akachukua mafuta yaliyochuruzika kwenye trei, akayapikia mchuzi wa kumwagia nyama, akautia chumvi yake ya kawaida, akavuta mvuke puani. Kule kwenye oveni thomu na ndimu vilikuwa vimetawala kila kitu, na pua haikumwambia lolote. Lakini mdomo ulisema kama ulivyozoea kusema: "Imekolea."

Martina, ambaye hakuwa amefunga, alichota kijiko akaonja. Uso ukamkunjamana.

"Mama, imezidi. Imezidi sana. Tuongeze maji, na nyama tuioshe juu juu kabla hawajaja."

"Tuioshe? Nyama iliyoiva?"

"Basi gusa tu kidogo kwa ulimi, uteme. Kuna dada mmoja Mwislamu kule kwa wakala aliniambia inaruhusiwa."

Laiti angeishia kwenye neno imezidi. Kufundishwa dini yake na msichana wa Kibosho, ndani ya jiko lake, ndiko kulikomfunga masikio Bi Kuruthum.

"Nyie mmezoea ndizi za kuchemsha zisizo na chumvi," akamjibu. "Chakula cha watu mtakijulia wapi? Peleka sahani mezani. Yalla."

Walikula saa tisa alasiri, saa mbili na nusu kabla ya adhana ya Magharibi. Bi Kuruthum alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, akisubiri kuitwa asifiwe, maana kila mwaka aliitwa. Alisikia vijiko. Alisikia maji yakimiminwa, yakamiminwa tena. Alisikia yule bibi akikohoa, na mwanamume akisema kwa upole kwamba viazi ni vizuri sana. Kisha kiti kikasukumwa.

Madam Virginia aliingia jikoni macho yamejaa machozi. Hakuwa mtu wa kugomba. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumtazama.

"Nani kaweka chumvi?" aliuliza. "Mama yangu hawezi kula hata tonge moja. Nani?"

Martina alikuwa amekishika tena kile kijiko cha kuonjea. Bi Kuruthum alikuwa na mikono mitupu, mtandio wake umetulia kichwani, midomo mikavu kwa saumu. Jibu lilikuwa fupi, la maneno mawili: ni mimi. Lilifika hadi kwenye meno. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Miye nimefunga, madam," alisema. "Sionji kitu."

Hakusema uwongo. Kila neno lilikuwa kweli tupu, na mtu mwenye akili zake alijua kweli hiyo inamwelekea nani. Madam aligeuza macho kutoka kwa mama mtu mzima aliyempikia miaka tisa, akayapeleka kwenye kijiko, kisha kwa aliyekishika.

Martina alimtazama Bi Kuruthum. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtoto anayemngojea mzazi amalizie sentensi yake. Alingoja. Alipoona haimaliziwi, na kwao mtu mzima hakanushwi mbele ya watu, aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, madam."

Jua lilipotua Bi Kuruthum alifuturu jikoni kwa tende tatu na maji. Martina alikuwa amempangia tende hizo kwenye kisahani kama kawaida yake, kisha akaenda kuosha vyombo. Bi Kuruthum akachovya kidole kwenye mchuzi uliobaki, akauweka ulimini. Ilikuwa kama amekunywa maji ya bahari. Akasimama pale, mkono kwenye bomba, akijiambia kesho Ijumaa ni siku ya mapumziko, lakini Jumamosi akifika tu atamweleza madam yote, khalas.

Jumamosi hakufunguliwa mlango na Martina. Alifungua madam mwenyewe. Wakala walikuwa na utaratibu wao: ndani ya miezi sita ya mwanzo, mwajiri asiyeridhika humrudisha mfanyakazi akapewa mwingine, na Martina alikuwa na miezi minne. Alichukuliwa Ijumaa mchana. Wiki mbili baadaye zilikuja habari kwamba wakala hawakumpatia nyumba nyingine, wamemrudisha kwao.

"Si chakula tu," madam alimwambia Bi Kuruthum asubuhi ile ya Jumamosi, kwa huzuni kidogo. "Nilimweleza Jumatano ile kila kitu, na bado akatia chumvi. Ningemwaminije?"

Hapo napo palikuwa na nafasi. Madam alikuwa ametulia, chai iko mezani, na Martina bado alikuwa mjini humu humu, kwenye chumba cha wakala, mabegi hayajafungwa. Simu moja ingetosha. Bi Kuruthum alitazama meza. Alifikiri miaka tisa, alifikiri wifi yake, alifikiri wanawake wa Rashidiya watakavyosema, "Haonji huyo, ndiyo faida yake."

"Sawa, madam," akasema.

Tangu siku hiyo alionja kila kitu. Akiwa amefunga aligusisha ulimi, akatema, akasukutua, na asiyetaka kuamini na asiamini. Siku kumi za mwisho za kila Ramadhani alimwombea Martina dua. Alimuuliza kila Mtanzania wa bara aliyekutana naye kama anamjua msichana wa Kibosho, ana mtoto mdogo, anaitwa Martina. Watu walimcheka. Kibosho nzima ina Martina.

Mwaka 2009 Sikukuu ya Shukrani iliangukia siku ya Arafa, na kesho yake ikawa Idi kubwa. Madam Virginia alikuwa ameshahama zamani, na Bi Kuruthum, mwenye magoti mabovu sasa, alikuwa amestaafu. Lakini wapishi waliendelea kumjia nyumbani kwa Zahor kumwomba ushauri. Ijumaa ile ya Idi walikuja wawili. Fortunata wa Bukoba alikuwa akifanya kazi kwenye ghorofa za Jumeirah Lake Towers, na alitumia treni mpya kuanzia mwanzo wa reli, akashuka Rashidiya akijisifu. Belinda alikuwa Mkenya wa Nakuru. Waliwekewa pilau, wakaanza kusimuliana ya jana.

"Bata wangu nje amekauka mpaka anavunjika, ndani bado barafu," alisema Fortunata. "Sir akakata paja, damu hiyo. Nikamwambia madam, si mlisema mnataka laini?"

Belinda akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Aki mimi ile pai yao ya malenge. Nikaweka bizari nyembamba nikidhani ni mdalasini. Wakakula yote, wanasema very interesting."

Bi Kuruthum alicheka nao. Ilikuwa siku njema, na alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi.

"Lakini afadhali sisi," Belinda akaendelea, akijifuta macho. "Si kuna yule dem wa Garhoud? Mtanzania mwenzako, Fortunata. Alimwaga chumvi kwa turkey mpaka nyanyake madam akapelekwa hosi. Eti alikuwa na wivu na mpishi. Hata kwa wakala huwa wanawaambia wageni, usiwe kama yule msichana wa chumvi."

"Martina," alisema Bi Kuruthum.

"Unamjua?"

"Bibi hakupelekwa hospitali. Na Martina hakutia chumvi." Aliweka mikono yote miwili magotini. "Nilitia miye. Akaniambia imezidi, sikumsikiliza. Madam alipouliza, nikamwacha abebe. Nilikuwa namjua hana kosa, na nikamwacha."

Alihisi kitu kikimtoka kifuani, na alikuwa tayari kwa lolote, wamtukane, waondoke, wamwage pilau yake.

Fortunata ndiye aliyeinuka kwanza. Alikuja akapiga magoti mbele yake, akaishika mikono ile, machozi yakimlengalenga.

"Jamani mama," alisema. "Mtu alikuharibia kazi, na bado unamsitiri mpaka leo?"

"Nasema kweli, Fortunata. Nilitia miye."

"Haya mama, tumekusikia."

"Wallahi ni miye."

"Tumekusikia," alisema Belinda naye, kwa ile sauti ya upole anayosemeshwa mtu mzima aliyechoka. "Watu kama wewe hawako tena, Bi Kuruthum. Hata Idi hii, unambebea mtu hayuko."

Waliondoka kabla ya Alasiri, wamefungiwa pilau, wameubusu mkono wake. Zahor, aliyekuwa kibarazani, aliwasikia wakisimuliana kuelekea stesheni: wema wa Bi Kuruthum, moyo wa Bi Kuruthum, alivyotaka kulibeba mwenyewe kosa la yule msichana wa chumvi.