Kasi ya kompyuta ya Zuhura

Anayeharibu kompyuta hapa nyumbani Kihonda amekamatwa leo. Ni mimi.

Mjukuu wangu Zuhura anahariri video za harusi. Aliongeza kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta yake, ili awahi kazi, lakini kila akiiwasha upya anakuta kasi imerudi ya zamani.

Leo bibi harusi anataka video yake jioni. Zuhura machozi yanamlenga. Akaita fundi.

Fundi akapandisha kasi, kazi ikaanza kukimbia.

Huko milima ya Uluguru radi ikanguruma.

Nikafunika kioo cha ukutani kwa kanga, nikachomoa waya wa kompyuta. Kama siku zote.

Kompyuta ikazimika.

"Bibi! Kumbe huwa unachomoa?"

"Ulitaka radi ikubabue hapo, mke mwenzangu?"

Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ndani kuna kibetri kinachotunza mipangilio waya ukichomolewa, nacho kimekufa. Akaweka kipya.

Mvua ilipopita tukawasha. Kasi ipo. Video imeshakwenda kwa mwenyewe.

Sasa Zuhura ananiomba nisichomoe tena.

Nitachomoa. Kompyuta ikisahau inakumbushwa. Huyu Zuhura akiungua, mwingine namtoa wapi?

Au nyie kwenu hamchomoi?