Maziwa ya Moshi

Kibuyu kidogo kimebaki kando ya kitanda cha mama tangu tulipomzika. Nikikifungua kinanuka maziwa na moshi wa majani, nami narudi kuwa mtoto aliyesimama nyuma ya kitenge chake.

Watu wa Rwanda walikuwa wamefika na ng'ombe wao, na wazungu wakawapa kilima ambako baba alilima maharagi. Mwanamke mmoja, jirani mpya, akatuletea maziwa katika kibuyu kilichofukizwa moshi wa majani, kama ilivyo desturi yao. Sisi hatukuwa na ng'ombe. Mama alinusa ule moshi, akasema ni dawa ya kutuua, akayamwaga migombani. Kisha akakisugua kibuyu kwa majivu na kukijaza maharagi, maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Yule jirani alipokuja kukichukua, mama alimwambia: "Tulikunywa yote, mama. Aksanti."

Mbwa wetu akatokea migombani, pua yake nyeupe.

Jirani alimtazama, akanusa kibuyu chake kilichopoteza harufu. "Mbwa yako iko muzima," alisema polepole. "Kesho nitaleta ingine. Mimi njo nitaanza kunywa."

Asubuhi alikuja kweli. Alikunywa mbele yetu, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akampa mama.

"Nimeshiba," mama alisema, na moto tulikuwa hatujauwasha.

Miaka mingi baadaye mama alipougua, chakula chote kilimshinda. Aliomba maziwa ya moshi tu. Binti wa yule jirani ndiye aliyemnywesha, kijiko kwa kijiko, hadi mwisho, na mimi sikuweza kumtazama binti huyo usoni.