Pipa Likikushinda, Liache

Wanaume wa ghala la mafuta walimwita Mama Toroli, naye aliitika bila kinyongo. Hakuwa na misuli ya kutisha. Lakini pipa la mafuta ya mitambo lililowatoa jasho vibarua wawili alilisogeza peke yake, huku akikuuliza habari za nyumbani. Siri haikuwa nguvu. Unausukuma ulimi wa toroli uingie chini ya pipa, unanasa ndoano kwenye ukingo wa juu, unakanyaga ekseli, kisha unavuta taratibu mpaka uzito wote ulale juu ya magurudumu. Hapo hata mtoto anaweza kulishikilia. Likipitiliza kidogo tu, andaa jeneza.

Aliyemfundisha ni msimamizi wa ghala, mtu mwenye maneno makali na mguu mmoja usio na vidole. Kila asubuhi alirudia lile lile: pipa likikushinda, liache. Usilidake. Ruka pembeni, lipasuke, mafuta yamwagike, tajiri anune akichoka aache. Vidole vyake vilibaki chini ya pipa alilotaka kulidaka ujanani. Wageni walimcheka, kumbe mkono wa binadamu ukiona kitu kinaanguka hujinyoosha wenyewe, hauombi ruhusa. Mama Toroli alihangaika sana mpaka wake ukakoma.

Kazini alijua kuacha. Nyumbani ndiko kulikomshinda. Mumewe alikuwa muuza nyama, pande la mtu, aliyebeba nusu ng'ombe begani akaitembeza mtaa mzima ili watu wamwone. Ngumi zake mke alizijua kwa mpangilio: ya kwanza mbavuni, ya pili sikioni, kisha mkanda. Alishamvunja mkono, alishamng'oa jino, alishamburuta kwa nywele mbele ya binti yao, na siku hizi mlango ukilia tu mtoto alijitupa chini ya kitanda. Mke akikimbilia kwao, mama yake alimrudisha: vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo. Vumilia! Kana kwamba mbavu zilikuwa za mama. Na wiki ile mume alikuwa amemwambia, kwa sauti ya chini, huku ananoa kisu cha kazini, kwamba akisikia tena anacheka na wanaume wa ghalani atamuua. Hakuwa anatania, na mke alijua.

Basi siku moja ya wiki hiyo akacheka. Msimamizi alijikwaa kwenye kizingiti, akaulaumu mguu wake kwamba haukuwa na vidole na sasa umekosa hata macho, na ghala zima likaangua kicheko. Mbeya mmoja aliyekuwa akienda kununua nyama akalifikisha neno buchani likiwa moto. Wambeya si watu, ni mashetani. Muuza nyama akafika na aproni yake ya damu, hajanawa hata mikono.

Alimkuta mkewe juu ya mteremko wa kupakilia, pipa limeinama, limetulia juu ya magurudumu. Akaupanda mteremko akitukana. Kibarua aliyejaribu kumzuia alipigwa kichwa, pua ikapasuka, akakaa chini akimeza damu. Mke hakuweza kukimbia, mikono yote miwili ilikuwa kwenye mpini. Ngumi ya kwanza ikampata mbavuni, palepale pa kila siku. Ya pili sikioni. Bado hakuachia, kwa sababu aliyesimama upande wa chini wa pipa lile alikuwa mume wake. Ndipo mume akaipiga toroli teke.

Ndoano ikachomoka ukingoni.

"Liache! Ruka pembeni!" alipiga kelele mke, naye mwenyewe akaruka.

Mume hakuruka. Mbele ya wanaume wote wale, yeye mbeba ng'ombe, akapanua mikono ili alidake. Pipa likamlaza chali, likapanda juu ya miguu yake, likaendelea na safari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alivunjika yote mawili, na mlio wake ulisikika barabarani.

Alirudi kutoka hospitali akiwa amefungwa plasta ngumu mpaka mapajani. Mama mkwe alihamia pale kumuuguza mwanawe, yaani kukaa uani na kumuuliza mkamwana kwa nini hakulishika lile pipa. Kuosha, kulisha na kugeuza vilikuwa vya mke. Majirani walisema sasa ng'ombe amefungwa kamba, mama utapumua. Mgonjwa akamrushia bakuli la uji wa moto kifuani. Na bado, tusidanganyane, alimhurumia, na kwa siri alitumaini kwamba maumivu yatamfundisha.

Adhuhuri moja mgonjwa alitaka aketi dirishani. Mke akafanya kama anavyofanya kazini: akamsogelea karibu kabisa, akampitisha mikono kwapani, akakaza mguu, akavuta taratibu mpaka uzito wote ukamwegemea vizuri. Walikuwa kifua kwa kifua, kama wanaokumbatiana.

"Nikipona tu," mume alimwambia sikioni, kwa sauti ile ya chini, "nakumaliza."

Kisha akampiga ngumi ya mdomo. Nyuma yao binti akajitupa chini ya kitanda, na mama yake akasikia magoti yale madogo yakikwaruza sakafu.

Mikono ya Mama Toroli ikafunguka.

Mume alianguka kama alivyo, na plasta zake. Akalia, akanyoosha mkono juu. "Nishike," alisema. "Nishike, mke wangu."

Mkono wa mke haukujinyoosha. Akafuta damu kwa kiwiko, akapiga magoti kando ya kitanda, akachungulia chini yake.

"Toka, mama," alimwambia binti. "Tunaondoka."

Uani alimpita mama mkwe akichambua mchele. Akamwambia kwa heshima zote kwamba mwanawe yuko sakafuni, na kwamba aite wanaume wawili wa kumwinua, maana ni mzito.