Mlango wa Sentimita Sitini

Hata leo naona haya kulisimulia hili, maana walioniona Ilula siku ile wakikutana nami huanza kucheka kabla ya salamu.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ujenzi pale Iringa. Tulikuwa na ramani mama ya zahanati, yenye vipimo vyote, na kila kijiji kilikuwa na ramani yake mtoto, iliyoonyesha kiwanja tu na maneno pembeni: "Milango kama ramani mama." Siku moja nikaambiwa mlango wa stoo ya Ilula upunguzwe, na badala ya kuandika hivyo kwenye ramani ya Ilula peke yake (kazi ya dakika kumi, lakini nilikuwa nawahi basi la kwenda kwetu Mbeya) nikachukua wembe, nikakwangua tisini kwenye ramani mama, nikaandika sitini, nikaondoka zangu. Kumbe kipimo kile kilikuwa cha milango yote, ya vijiji vyote vitano!

Siku ya ufunguzi wa zahanati ya Ilula nikakaa na wageni, suti mpya, kila anayepita namwambia, "Hii nimechora mimi." Kabla utepe haujakatwa wakaja wanaume wanne na machela ya miti, wamembeba mama mwenye uchungu. Walipofika mlangoni, machela ikagota. Wakaiinamisha, wakaigeuza ubavu, mama wa watu analia, wapi!

Nesi, mama wa Kihehe asiyependa maneno mengi, akageuka. "Nani amechora mlango huu?"

"Si ndugu huyu?" mgeni rasmi akaninyooshea kidole, tena bila ubaya. "Ametuambia tangu asubuhi."

Akina mama wakazungushia kanga barazani, na mtoto akazaliwa pale pale, wa kike, mzima, analia vizuri, sisi wageni tumegeukia ukutani kama wanafunzi waliokosa (mimi jasho linanitoka hadi kwenye soksi).

Niliomba ruhusa kazini, nikazunguka na fundi vijiji vyote, nikibomoa matofali kwa mikono yangu na kuomba radhi kila mahali. Tangu hapo sigusi ramani mama kabla sijatandaza watoto wake wote mezani, na wenzangu wakinicheka nawaacha wacheke.

Ilula tulimalizia. Nesi akaleta machela na wabebaji, wakaiingiza, akawaambia waitoe, wakaiingiza tena. Kisha akanitazama.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe, kwa mara ya kwanza.