Koti la Kuazima

Kamera ile ya dijitali ilikuwa ndogo hata ikaenea mfukoni mwa shati, na kwa hilo nilijivuna sana. Ile kubwa ya filamu iliteketea volkano iliposhuka mjini. Lava ilipita na studio yangu nzima: mashine, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na albamu zote za ukoo wetu nilizozihifadhi pale. Kwa hiyo hii ndogo niliipenda kupita kiasi. Mteja alijiona papo hapo, na aliyefumba macho nilimpiga tena bila hasara.

Wateja wangu wazuri walikuwa askari wa kambi ya Katindo. Siku moja mdogo wangu, aliyeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale sokoni Kituku, alinifuata kambini akitaka picha. Kwetu mtu hapigwi picha na nguo zake za kazi; studioni niliweka koti na tai za kuazimisha. Kambini hakukuwa na tai. Akaazima koti la jeshi kwa askari mmoja mcheshi, akakunja uso kama jenerali, tukacheka mpaka machozi. Mama alipomwona kwenye kioo cha kamera alisema mwanawe hajawahi kupendeza hivyo. Akataka nimsafishie picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Waasi walipochukua kambi ya jeshi ya Rumangabo, nilikaa mchana kutwa nikifuta picha za askari, mmoja mmoja, wasije wakanikuta nazo. Nilipomfikia mdogo wangu, kidole kilisita. Huyu si askari, nilijiambia, na mama bado anaisubiri picha yake. Nikamwacha.

Mji ulipoanguka, waporaji walianza kuingia majumbani. Kamera kubwa ningeiacha nyumbani, wangeiiba wakitaka. Hii ilinishawishi kwa udogo wake. Niliitia mfukoni asubuhi hiyo, nikatoka na mdogo wangu kumtafutia mama unga.

Wapiganaji wawili wa waasi walitusimamisha njiani. Mmoja alinipapasa, akaitoa kamera, akaanza kubonyeza. Ingekuwa filamu, asingeweza kuisoma pale barabarani. Alipitisha harusi, ubatizo, harusi nyingine. Kisha akatazama kioo, akamtazama mdogo wangu.

“Huyu ni askari ya Katindo.”

“Hapana, chef, mukubwa yangu. Ni mudogo yangu, anauzishaka samaki. Ile koti aliazima tu juu ya foto. Askari ba kweli nilifuta bote.”

Nilisema hivyo nikidhani ukweli utatuokoa. Mpaka leo nauchukia ulimi wangu.

“Ulifuta bote,” alisema taratibu. “Basi ulijua ni vibaya. Na huyu ulimubakisha juu ya nini?”

Wakamwamuru mdogo wangu apande gari lao.

“Yaya, ambia mama nitachelewa kidogo,” alisema, akiniita mkubwa wake kama siku zote.

Kamera walinirudishia. Hawakuihitaji tena.

Tangu siku hiyo nimebisha kila mlango. Nimeuliza kwa waasi walipokuwa wakitutawala, nikauliza kwa serikali iliporudi, nikauliza kwa watu wanaotembelea wafungwa. Wote huwa wananisikiliza vizuri, kisha huuliza jambo lile lile: foto yake iko wapi?

Nyingine zote ziliungua studioni. Ninayo moja tu, na ndani yake amevaa lile koti la jeshi lililomfanya askari. Kila mara naishika kamera mfukoni, nikajibu kwamba sina.