Ala ya Ufunguo wa Landrova

Ufunguo wa Landrova ya hospitali ulikuwa na meno ya panya. Mume wangu alikuwa dereva wa gari hilo pale Kibondo, miaka ya sabini, na kila wiki nilikaa na sindano kuziba matundu ya mifuko yake. Kaptula, suruali, koti la mvua, vyote vilitoboka upande uleule. Nilimwambia auoe huo ufunguo, mimi nirudi kwetu Kasulu nikapumzike. Alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka hata pasipochekesha.

Siku moja ufunguo ukapenya tunduni akiwa Nyabibuye, ukadondokea kwenye nyasi za kando ya njia, na mgonjwa yumo ndani ya gari anagumia. Wanakijiji walipekua majani kwa mikono hadi ukaonekana. Mgonjwa alifika salama, lakini bwana mganga wa hospitali alimwita mume wangu, akamwambia kwa upole kwamba ufunguo ni huo mmoja, hakuna wa akiba, na autafutie mahali pa kukaa. Ndipo mume wangu alipoamua kuuvalisha ala ya ngozi, kama watu wanavyovalisha visu. Iwe nyembamba, ikae kwenye mfuko wa shati bila kumchoma anapoinamia injini. Tena iwe imara, isichakae kwa vumbi, mvua na grisi.

Hayo aliyasema mbele ya mama yake, kijijini Busunzu, Jumapili tulipokwenda kumsalimia. Laiti angeyasemea kwingine.

Mama mkwe aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mbeleko yake. Haikuwa ya kitambaa. Ilikuwa ngozi ya kondoo, ya zamani, ile waliyobebea watoto wanawake wa kwetu kabla kanga hazijajaa madukani. Ndiyo aliyombebea mume wangu na dada zake. Mabinti walipoanza kuzaa hawakuitaka, wakasema inanuka samli, basi akaiweka kwa ajili ya mtoto wa mwanawe. Kila kiangazi aliianika, akaipaka samli, akaifikicha kwa viganja mpaka ikalainika, na kila aliyepita uani alijua inamngoja nani. Ilimngoja mtoto wangu. Nami tangu niolewe miaka ilikuwa inakwenda na sijaona hata dalili. Shangazi za mume wangu walikwisha kuanza kuzungumza habari za mke wa pili, tena kwa sauti ya mtu anayetaka umsikie.

Mama mkwe akaikunja kona ya ngozi, akaibana kwa vidole, akamwambia mwanawe:

"Nyembamba kama hii hutaipata, na haichakai. Nitakukatia."

Nilikuwa namenya mihogo. Kisu kiligoma mkononi. Mbeleko ikishakatwa haimbebi mtoto tena, hilo hakuna aliyehitaji kunifundisha. Nilichosikia mimi ni kwamba mama mkwe amechoka kusubiri. Katika ukoo ule yeye ndiye alikuwa tegemeo langu. Akikata tamaa yeye, hao shangazi ningewazuia kwa kitu gani?

Nikaropoka kwamba asijisumbue, Kasulu yuko fundi hodari, nitaileta ala mimi mwenyewe. Nikamwomba asikate kitu mpaka nirudi. Alinitazama kidogo, akasema haya, akairudisha ngozi ndani.

Wiki hiyohiyo mume wangu alitumwa Kasulu kuchukua dawa, nami nikapanda kiti cha mbele kama mke wa mkuu wa wilaya. Njiani alikuwa na furaha, akasema hakujua kama naujali ufunguo wake kiasi hicho. Nikamwacha aamini hivyo. Alikuwa mwanamume mwema, lakini mambo mengine hakuyaona mpaka umshike mkono umwoneshe.

Fundi alikaa nyuma ya soko, akishona viatu na ala za visu. Nilimpa ufunguo apimie, gari likabaki limeganda na mume wangu akaenda kunywa chai. Nilikuwa mteja mbaya. Ngozi ya ng'ombe niliikataa, ilikuwa nene, ya kufanyia soli. Ya ndama ilikuwa laini, ila nilipoikunja ikaacha mstari mweupe, nikajua itakatikia hapo. Alinipa kipande cha mkoba wa zamani, kilichopendeza kwa rangi tu, nikakikwaruza kwa meno ya ufunguo kikabambuka. Nililowesha, nikavuta, nikanusa. Nilitaka kitu kitakachomfanya mama mkwe aseme mwenyewe kwamba ya kwake haihitajiki.

Uvumilivu ukamwishia fundi, akaniuliza kama nauvalisha ufunguo au namwoza binti. Halafu akasema, kwa nia njema tu, kwamba ngozi ninayoitafuta yeye hana, labda nikapate mbeleko kuukuu ya kondoo kwa bibi mmoja kule vijijini. Nilimjibu vibaya. Nilisema mbeleko si vitu vya kukatwakatwa. Fundi akapekua chini ya ubao wake, akatoa kipande cha ngozi ya mbuzi, cha shingoni. Nilikikunja, hakikuacha alama. Nilikikwaruza, hakikubambuka. Akakishona kwa uzi wa nta, ufunguo ukaingia na kutoka bila kukwama. Nilikaribia kulia kwa furaha katikati ya soko, kwa ajili ya kifuko cha ufunguo.

Jumapili tukaenda Busunzu. Mama mkwe aliipokea ala, akaikunja, akainusa, akasema fundi huyo anajua kazi. Nikashusha pumzi. Kisha akaingia ndani, akatoka na mbeleko, na upande wake mmoja ulikuwa umeshakatwa.

Nililia palepale, mbele ya mume wangu aliyebaki ameduwaa. Nilimwambia mama mkwe kwamba kama amechoka kunisubiri aniambie kwa mdomo, asiniambie kwa kisu. Sijui hata nilipata wapi ujasiri wa kumsemesha hivyo mama wa watu.

Hakunikemea. Alikaa juu ya ile ngozi iliyobaki, akaweka mapajani vipande alivyokata. Vilikuwa viwili. Kimoja alikipimisha kwenye ufunguo wa Landrova. Cha pili akakiacha, akaninyooshea mkono.

"Lete ufunguo wa nyumba yenu."

Ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Niliufungua kwa shida, nikampa.

"Ngozi hii niliwawekea watoto wangu," alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Nikawa naiangalia tu, inamngoja mtu nisiyemjua, na watoto wangu wako hapa. Huyu kutwa yuko barabarani. Na wewe, mwana wanje, mwanangu, unakaa nyumbani kwako kama mgeni anayengoja kuambiwa aondoke. Ule mlango ni wako. Shangazi zake nimekwisha kuwaambia."

Mume wangu hakucheka. Nilimpenda kwa hilo. Tulikaa tukimtazama mama yake akishona, ala ya kwanza na ya pili, mishono midogo, macho yake yamesogezwa karibu na sindano. Ile ala ya mbuzi niliyoihangaikia Kasulu nzima aliichukua yeye, akatilia ugoro wake, akasema imepata kazi inayoifaa.

Watoto sikujaaliwa, na mke wa pili hakuja. Landrova ilichakaa, ikaondolewa, mume wangu akarudi nyumbani na ala tupu mfukoni. Kitasa cha mlango wetu tumekwisha kukibadilisha, lakini ala yangu ni ileile, imekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Mama mkwe alipozeeka tulimleta Kibondo. Miguu ilikuwa imemkataa, kwa hiyo asubuhi nilimbeba mgongoni kumtoa nje aote jua, na ndiye mtu pekee ambaye mgongo huu umembeba. Alikuwa mwepesi. Kila tulipovuka kizingiti aliniuliza sikioni kama ufunguo wangu ninao.