Tandu wa Nyuma ya Pipa

Kwamba tandu wa nyumbani huingia sikioni mwa aliyelala, nimesikia tu. Sijamwona mtu aliyeingiwa. Kwamba anakula mende, nimeona kwa macho yangu, hapa nyumbani kwetu Lubumbashi, kwenye ukuta wa chumba cha kuogea.

Dada yangu mkubwa alikuja kuishi nasi kutoka Kasomeno mvua zilipoanza, na gunia la samaki wakavu mkononi. Juma lile lile mke wa mwanangu alimwona mdudu mwenye miguu mirefu, myembamba kama nywele, akikatiza ukutani. Jirani akamwambia kuwa wadudu wa namna hiyo huja na mizigo ya wageni, naye akayarudia maneno hayo mezani.

"Miye nilileta samaki," dada akajibu. "Kama munataka niende, museme. Musipitie kwa mududu." Akaanza kufunga mzigo wake.

Nilimwomba angoje hadi jioni.

"Mudogo, weye na masomo yako!" Lakini aliketi.

Nikamwita mkwe wangu, tukasogeza pipa la maji la chumba cha kuogea ambalo halikuguswa tangu kiangazi. Mdudu akachomoka, nikamfunika kwa glasi. Huyu si jongoo, nikamweleza. Jongoo ana miguu mifupi, na ukimgusa hujikunja. Huyu hukimbia, na jozi yake ya mwisho ya miguu ni ndefu hata hujui upesi kichwa kiko upande gani.

"Papa, angalia huku chini." Alikuwa amepiga magoti. Katika ufa wa sakafu, mahali pipa liliposimama, palikuwa na magamba ya tandu waliojichuna, makavu, yamefunikwa na vumbi jekundu. "Hii iko ya zamani. Mama alikuwa bado kufika."

Yeye ndiye aliyeyaona, si mimi, nami najivunia kulikiri hilo. Najivunia zaidi kwamba hakungoja kutumwa. Alikwenda na gamba kiganjani, akasimama mbele ya dada yangu uani, jirani akisikia.

"Mama, nilisema kitu sikuona. Unisamehe."

"Na mududu iko wapi?"

"Iko mu glasi."

"Basi mumufungulie. Ule iko mwenyeji kunipita."

Tukacheka sote watatu, hata mimi.

Jirani, naambiwa, bado hajaamini. Hilo sikulisikia mwenyewe. Nilichokiona ni dada yangu akifungua kamba ya mzigo wake na kutundika vitenge msumarini, kimoja baada ya kingine.